NYUMBA YA MUISLAMU: Jiko Likibomolewa, Mama Atapika Wapi?



Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Alhamisi, kijana mmoja katika wale niliowasomesha juzuu zao zamani alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Kijana huyu ameoa mwaka jana, anakaa pamoja na mama yake hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na Mwenyezi Mungu amemfungulia riziki kidogo. Akaniambia: "Shikamoo Maalim. Nataka kulijenga upya jiko la mama. Fundi amenambia kazi ni ya wiki tatu. Wewe umekwisha kuifanya kazi hii kwako. Je, ni kweli?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana swali lake lilinigusa pale panaponiuma. Nikamwambia anipe siku chache nimjibu kwa utulivu. Jibu lenyewe ndilo hili, na nimeona ni vema niliandike katika safu yetu, kwani naona nyumba nyingi za Waislamu sasa zina nia hiyo hiyo ya kuyaacha majiko ya mafiga na moshi, na kuingia katika majiko yenye meza, sinki, bomba na mtungi wa gesi.

Na nia hiyo ni njema. Moshi wa jikoni si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wanaouvuta kwa wingi ni wanawake na watoto wadogo wanaokaa karibu na mama zao. Serikali yetu nayo ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni kuwa ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Basi mwenye uwezo wa kumwondolea mama yake au mkewe moshi, na afanye, naye atapata ujira kwa Mola wake. Lakini nia njema isiyo na mpango huweza kumletea mtu madhambi ambayo hakuyatazamia, nami ni shahidi wa nafsi yangu.

Sisi watu wa Tabora ni watoto wa mji wa misafara. Babu zetu walipokuwa wakisafiri baina ya Bagamoyo na Unyanyembe, na kutoka hapa kwenda Ujiji, hawakuihesabu njia kwa siku tupu. Waliihesabu kwa vituo: hapa pana maji, hapa pana chakula, hapa tutatoa hongo kwa mtemi wa Ugogo, na hapa ni Mgunda Mkali, pori lile lililokuwa baina ya Ugogo na Unyamwezi ambalo ole wake aliyeliingia bila ya kujaza vibuyu vyake. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, tarehe 7 Novemba. Ni zaidi ya miezi minne, na miguu haikutembea miezi yote hiyo. Siku nyingi ziliishia katika maradhi, katika kungoja wapagazi, na katika kupatana na wenye nchi.

Tena tazama nyumba ile ya tembe iliyoko Kwihara, ambayo leo ni makumbusho. Stanley alimwacha hapo Daktari Livingstone tarehe 14 Machi 1872, akamwahidi kuwa akifika pwani atampelekea watu wa kumchukulia mizigo. Ahadi ile ilitimizwa, wala hapakuwa na hiana. Hata hivyo mzee yule alikaa akiitazama njia mpaka mwezi wa Agosti ndipo watu wakafika, naye akaondoka tarehe 25. Hata ahadi ya kweli ina mwendo wake. Anayengoja asipoujua mwendo huo, humdhani mwenziwe mwongo.

Na hivyo ndivyo ilivyonitokea mimi.

Jiko letu la zamani lilikuwa banda la uani, kuta zake nyeusi kwa masizi, na mke wangu alipika humo kwa kuni na mkaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Katikati ya mwezi wa Rajab, yaani Januari 2025, nilikuwa nimepata fedha kidogo, nikamwita fundi mwashi, kijana hodari anayejulikana kwa kazi yake. Nikamwonesha banda, nikamweleza ninalolitaka. Akalizunguka mara moja akasema: "Wiki tatu, Maalim, Inshaallah." Nikafurahi mno. Nikapiga hesabu kuwa Shaaban haitakwisha ila jiko limekwisha, na Ramadhani itatukuta tunapika kwa raha. Siku ile ile nikampa theluthi mbili za fedha zote mkononi, bila ya hati wala shahidi. Kesho yake banda likabomolewa, na kufikia Adhuhuri palikuwa pamebaki kiwanja na vumbi.

Ndugu msomaji, kumbuka tu kuwa Januari kwetu ni masika. Mvua zetu za Tabora huanza kiasi cha Novemba na kumalizika kiasi cha Aprili. Mchanga ulikuwa umelowa, ukuta ukijengwa asubuhi hufunikwa mchana, na lipu iliyopigwa Jumatatu ilikuwa bado mbichi Jumamosi. Kisha mimi mwenyewe, baada ya mabomba kufukiwa ukutani, nilikwenda kwa rafiki yangu nikaona sinki lake liko chini ya dirisha, nikatamani langu liwe hivyo. Nikamwambia fundi alihamishe. Akaniambia ni kazi kubwa. Nikamwambia: "Ni hatua nne tu hizo." Ukuta ukachimbuliwa tena, mabomba yakanunuliwa mengine, fedha zikapungua, nami nikasita kumlipa zilizobaki. Fundi naye ana watoto wake. Akaenda kufanya kazi ya mtu mwingine ili apate cha kula.

Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Machi, na jiko langu halina meza wala mlango. Mke wangu alikuwa akipika chini ya mwembe, chini ya turubai tuliloazima. Siku ya tisa, karibu na Magharibi, mvua ikashuka kwa upepo, turubai likachanika, moto ukazimika, na maji yakaingia katika sufuria la maharage. Tulifuturu kwa tende na maji, mpaka jirani yetu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alipotuletea bakuli la uji na sahani ya viazi vitamu. Mke wangu alikaa kizingitini akizikamua nguo zake. Hakupiga kelele. Aliniambia maneno haya tu: "Baba watoto, uliniuliza rangi ya vigae. Hukuniuliza nitapika wapi."

Wallahi maneno yale yalinichoma kuliko matusi. Lakini badala ya kuitazama nafsi yangu, nilimtafuta wa kumbebesha. Usiku ule ule, baada ya Tarawehe, katika baraza ya msikiti, nilimtaja fundi yule mbele ya watu, nikasema ni mvunja ahadi na mla mali za watu. Maneno husafiri upesi. Baada ya siku mbili alinijia nyumbani, akaamkia kwa adabu, akasema: "Maalim, siku nilizokupa zilikuwa za jiko lile la kwanza. Hili la pili ulinipa kazi, hukunipa siku wala fedha. Na jana mtu aliyeniahidi kazi amenikatalia kwa ajili ya maneno yako."

Sikuwa na jibu. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu madhara ya kusengenya nilikuwa nimeivunja heshima ya Muislamu mwenzangu ndani ya mwezi mtukufu, kwa sababu ya sinki. Siku ya pili nilisimama katika baraza ile ile, mbele ya watu wale wale, nikasema kuwa nimemdhulumu, nikamwomba radhi. Nikamlipa haki yake kwa fedha niliyoikopa. Jiko lilimalizika mwishoni mwa Shawwal. Wiki tatu zilikuwa zimezaa wiki 14.

Sasa tuyatazame makosa, maana mwenye kusimulia msiba wake bila ya kutoa funzo amewapotezea watu wakati wao.

Kosa la kwanza lilikuwa katika mapatano. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii vita wala miujiza. Yatuamrisha tuandikiane tunapokopeshana kwa muda maalumu, na tuweke mashahidi, ili shaka isituingie baadaye. Ikiwa Mola wetu amelipa jambo la kuandikiana nafasi kubwa namna hiyo, vipi mimi niliona haya kumwomba fundi karatasi? Wengi wetu twadhani kuandika ni dalili ya kutoaminiana. Sivyo. Kuandika ni kuulinda uaminifu usije ukaharibika. Na wazee wetu walisema: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Tena wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamelifafanua jambo la ujira kwa namna inayofaa sana katika shauri hili. Wamesema kuwa mtu hukodiwa ama kwa muda, kama kumkodi kwa siku kadhaa, ama kwa kazi, kama kumkodi akushonee nguo hii. Ama kuyaunganisha yote mawili katika sharti moja, kuwa aishone nguo hii na aimalize leo, Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa haisihi, kwani siku yaweza kwisha kabla ya nguo, na nguo yaweza kwisha kabla ya siku. Wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine walioona vingine, na mwenye shauri kubwa amwendee shekhe wake. Lakini hekima yake hata mtoto aiona. Fundi hana amri juu ya mvua, wala juu ya umeme, wala juu ya tajiri anayebadili nia yake kila Ijumaa.

Basi lililo bora ni kupatana juu ya kazi, na kuigawa kazi hiyo kwa vituo. Kila kituo kiandikwe ni kazi gani, na ujira wake ni kiasi gani. Siku ziandikwe pembeni kama makadirio ya kujipangia, si kama kitanzi. Kituo kikikamilika na kukaguliwa, fundi alipwe hapo hapo, kwani Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake upesi, wakati jasho la kazi lingali mwilini mwake. Na ukibadili lolote, andika mstari mpya: badiliko hili litaongeza siku kadhaa na shilingi kadhaa, nyote wawili mtie sahihi. Ningalifanya hivi, nisingalimdhulumu mtu.

Sasa, kijana wangu, hivi ndivyo vituo vya safari yako. Nimevikadiria kwa jiko la kawaida la uani, lenye upana wa hatua tatu na urefu wa hatua nne, katika wakati wa kiangazi, kwa fundi mmoja na msaidizi wake.

Kituo cha kwanza ni wiki mbili za kupanga, na katika wiki hizo pasibomolewe hata tofali moja. Kaa na mama yako na mkeo humo humo jikoni, kila mmoja aseme anasimama wapi akipika, anaosha wapi, na unga anauweka wapi. Pima meza kwa kimo cha anayepika, si kwa kimo chako. Nunua vifaa vyote unavyoweza, na vigae vinunuliwe na ziada kidogo vya siku moja, kwani ukirudi baada ya mwezi waweza kuikuta rangi imebadilika. Mbao za kabati ziagizwe mapema kuliko vyote. Mninga wa misitu yetu ni mbao nzuri sana, lakini ubao mbichi hupinda. Kabati langu lilifungwa milango ingali mbichi. Kiangazi kilipokaza ikajikunja, na mpaka leo mmoja haufungi.

Kituo cha pili ni kuhama, siku mbili au tatu. Jiko la muda lijengwe na lipikiwe mlo mzima kabla ya la zamani kubomolewa. Hili ndilo neno kubwa kuliko yote niliyoyaandika leo. Liwe na paa la bati lisilochukuliwa na upepo, maji karibu, mahali pa kuwekea vyombo, na mlango wa kufunga usiku. Lisiwe chumbani mwenye kulala watu, wala mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua bila ya kunuka.

Kituo cha tatu ni kubomoa na kujenga: kuta, madirisha na paa. Kubomoa ni siku moja, na siku hiyo humdanganya mtu akadhani kazi yote itakwenda mbio hivyo. Kujenga huchukua wiki moja hadi mbili. Hapo ndipo uingiapo Mgunda Mkali wako. Jiko la zamani halipo na jipya halipo. Asiyejaza vibuyu katika kituo cha pili atakiona kiu hapa.

Kituo cha nne ni mabomba na nyaya za umeme, siku tatu hadi tano, navyo sharti vitangulie lipu. Kazi ya umeme umpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuoneshe leseni yenyewe. Mabomba yafunguliwe maji na yaachwe usiku mzima kabla ya kufukiwa; tone moja utakaloliona usiku huo litakuokoa na ukuta mzima. Na usisahau maji machafu. Kila maji yanayoingia kwa bomba yatatoka kwa sinki, nayo yataka shimo lake, mbali na kisima na mbali na ukuta wa jirani.

Kituo cha tano ni lipu, sakafu na zege la meza. Mikono hufanya kazi siku tatu au nne, kisha huja siku za kungoja, na hapa ndipo wenye nyumba wengi humchukia fundi bure. Wamwona haji, wasema amekimbia. Saruji haipati nguvu kwa kukaushwa na jua. Hupata nguvu kwa maji. Yapasa imwagiliwe kwa uchache siku saba, na nguvu iliyokusudiwa ya zege mafundi huipima likitimiza siku 28. Mbao zilizoshikilia meza kwa chini zisiondolewe kwa pupa. Ziache wiki moja hadi mbili, kwa kauli ya fundi. Kazi ya kumwagilia, asubuhi na jioni, ni ya vijana wa nyumbani. Atakayeifanya kwa nia ya kuwasaidia wazazi wake, asiione ndogo.

Kituo cha sita ni vigae, siku tatu hadi tano. Vikishabandikwa, viachwe siku nzima kabla ya kujazwa maungio yake, na sakafu isikanyagwe na watoto.

Kituo cha saba ni seremala, sinki, rangi na jiko lenyewe, wiki moja. Ikiwa ni gesi, jua kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, hushuka ikatambaa sakafuni. Kwa hivyo dirisha peke yake halitoshi. Acha na tundu la hewa chini, karibu na sakafu, wala mtungi usiuweke shimoni. Viungo vya mpira vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Ukizijumlisha siku hizi utapata wiki nane au tisa. Ongeza robo yake kwa yale asiyoyajua ila Mwenyezi Mungu, na uwaambie watu wa nyumbani kuwa ni miezi mitatu. Ikimalizika kabla, watafurahi. Kadhalika katika fedha, weka pembeni sehemu moja katika kila tano, wala usiwaambie vigae kuwa ipo, maana kila duka lina kigae kizuri zaidi ya kile ulichokwisha kukichagua.

Kosa langu la pili lilikuwa katika kuchagua wakati. Muislamu ana kalenda mbili na yapasa azitazame zote. Miezi yetu ya mwandamo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, na kwa miaka hii Ramadhani yatukuta katika mvua. Kwa hivyo anza Juni, mvua zikiwa zimekwisha na ardhi imekauka. Utamaliza kabla ya mvua nyingine, na Ramadhani itakukuta umetulia. Lakini jua kuwa si wewe peke yako utakayeitazama kalenda hiyo. Kiangazi ndipo fedha za mavuno zinapoingia mikononi mwa watu, na mafundi wote hushikwa. Mtafute fundi wako mapema, muandikiane mapema, na akikuambia ana kazi nyingine mbele yako, mshukuru kwa ukweli wake.

Nina neno pia kwa ndugu zetu mafundi, kwani najua wengi wao husomewa gazeti hili na watoto wao. Mola wetu ametufundisha katika Suratul Kahf tusiseme tutafanya jambo kesho ila tuliambatanishe na mapenzi yake. Hiyo ni adabu ya mja aliyekusudia kweli kufanya. Lakini wako wanaosema "Inshaallah" hali wanajua nyoyoni mwao kuwa kesho hawaji. Jina la Mwenyezi Mungu si pazia la kujifichia. Ikiwa kazi ni ya miezi miwili, sema miezi miwili, hata kama tajiri atakunja uso. Atakayekuacha kwa ukweli wako hakuwa riziki yako. Ahadi ni deni, na deni la siku huumiza kama deni la fedha.

Na kwenu akina baba: twapenda kulihesabu jiko kwa matofali, saruji na bei. Lakini jiko ni mahali pa kazi ya mtu, na mtu huyo huiacha saa zake nyingi humo kwa ajili yetu, hata katika saa za daku ambapo sisi tungali tumelala. Tukilibomoa bila ya shauri lake, tumemvunjia mahali pake pa kazi na bado twamdai chakula kwa wakati. Mama Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Basi katika miezi hiyo ya ujenzi mwanamume na achote maji, na akoke moto, na mlo mmoja katika siku aukubali uwe mwepesi. Hataondokewa na heshima yake.

Kijana wangu alirudi baada ya siku chache kama nilivyomwambia, nikamsomea haya. Nilidhani ataniuliza juu ya bei ya saruji. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniaga, akasema yuaenda nyumbani kumuuliza mama yake angependa apikie upande gani wa ua mpaka jiko litakapokwisha. Siku ya pili aliniletea jibu: mama yake amechagua upande wa mashariki, kwa sababu jioni pana kivuli cha ukuta, na kwa sababu hapo ataweza kumwona mjukuu atakapozaliwa akilazwa barazani. Yeye mwanawe, aliyeishi katika ua ule tangu kuzaliwa kwake, hakuwahi kujua kuwa mama huhesabu kivuli. Kazi wataianza Juni, kwa hati na mashahidi wawili.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na mikono inayotupikia, atusamehe tuliyoyasema juu ya ndugu zetu kwa ghadhabu, na atujaalie tuwe watu wa kutimiza ahadi. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.